Kiti Hakina Kosa

Sista wa mionzi aliniambia, "Mama Apio, wewe unaongea sana pale kwenye benchi. Andika basi, ukiondoka maneno yabaki." Nikamjibu kwamba mimi shule niliishia darasa la tano. Akasema wanaokaa kwenye benchi lile wengi hawakufika hata hapo, kwa hiyo tutaelewana. Akanipa daftari la mistari. Ndilo hili.

Basi ninakuandikia wewe uliyekaa pale leo, chupa ya maji mapajani, magoti umeyabana. Ugonjwa ni nini sitakueleza. Waliosoma watakueleza. Ninachojua mimi ni kwamba ulikuwa kwenye mlango wa kizazi, na kwamba ulikaa humo miezi minane nikiwa nashona viti. Nitakueleza siku zilivyopita, na majina nitayataja, maana nimechoka na watu wanaosema "ilitokea tu". Haikutokea tu.

Mimi nilizaliwa kambini. Baba alikuwa askari polisi kutoka Lango, na kambini kila nyumba ilikuwa na lugha yake, lakini kwenye bomba la maji tuligombana kwa Kiswahili. Kwetu kaskazini mwanamke kupanda baiskeli si habari. Mama alinipandisha nikiwa bado tumboni, na gunia la mihogo nyuma. Kampala ndiko nilikokuta watu wanageuza shingo. Nimewazoea. Miaka kumi na moja natoka Kisugu kwenda Kisenyi kwa baiskeli, ile nzito ya kiume yenye chuma cha katikati, leso nimefunga juu ya suruali.

Kisenyi nashona viti vya magari. Gari likija na viti vilivyochanika, sisi tunavua ngozi, tunabadilisha sponji, tunashona upya. Nilifundishwa na Mzee Abdalla, ambaye babu yake alikuja Uganda na wafanyabiashara wa pwani, hakurudi tena. Kiswahili chake kimefuliwa na kupigwa pasi. Changu, anasema, kimeingia ndani na viatu vya matope.

Asubuhi za kabla ya ugonjwa bado naziota. Kushuka kutoka Kisugu hukanyagi. Unaachia breki kidogo tu, na mji wenyewe unakujia: moshi wa chapati ya kwanza, ufagio wa mtu usiyemwona, ukungu umelala bondeni hauna haraka na mtu. Kwenye mteremko ule nilikuwa sina umri. Sina mume, sina mtoto, sina nyumba ya kupanga. Nina upepo kwenye mikono ya blauzi, basi.

Na mjini kuna kipande walichotujengea sisi watu wa baiskeli. Ukingo wa saruji kila upande, na chini wamechora baiskeli nyeupe. Ni kifupi, unakimaliza kabla hujamaliza kuwaza jambo moja. Mimi humo nilikuwa napunguza mwendo makusudi. Hakuna boda anayekupigia honi kisogoni, hakuna teksi inayokusukuma mtaroni. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kipande kile kilikuwa chumba changu cha kulala macho wazi.

Sasa jina la kwanza. Badru, mwenye duka la jumla la sabuni na biskuti. Lori lake lilikuwa linashushia mzigo ndani ya njia yetu, katoni juu ya katoni, kila siku ya Mungu. Nilimwambia zaidi ya mara moja.

"Hajji, hii ni njia ya baiskeli."

"Nyabo," akaniita, ndiyo mama kwa Kiganda, "tangu asubuhi zimepita baiskeli ngapi?"

"Mimi nimepita."

"Basi wewe peke yako ndiyo barabara?" Wapakuzi wake wakacheka. Mmoja akaniita madamu injinia.

Ilikuwa mvua za Machi. Usiku katoni zake za sabuni ya unga zilikuwa zimelala nje, zikalowa, zikapasuka. Asubuhi mvua bado inanyesha, nikakuta njia nzima imejaa povu, jeupe, linapanda mpaka kwenye ukingo, linatembea polepole. Nilitazama nikaona uzuri. Hilo nalikumbuka, kwamba niliona uzuri, na sikushika breki. Gurudumu likatoka chini yangu kimya kimya, nikaangukia chuma cha katikati, miguu huku na huku. Nikakaa ndani ya povu, mvua inanipiga, watu wanapita na miavuli.

Siku ya tatu nikaona damu. Damu yangu ya mwezi ilikuwa imeniaga zaidi ya mwaka. Nikasema: ni kuanguka. Wewe ungesema nini?

Jina la pili ni Kizito. Ana duka la dawa pale kwetu Kisugu, kwenye kona, anavaa koti jeupe na watu wanamwita musawo, yaani daktari. Nikamweleza nimeanguka, nimeona damu, na tangu hapo kiti cha baiskeli kinaniuma. Hakuniuliza miaka yangu. Hakuniuliza damu ya mwezi iliisha lini. Hakuinuka kwenye stuli.

"Ni kiti hicho, nyabo," akasema. "Kinakusugua. Mwili wa mama si chuma."

Akanipa vidonge vyekundu na dawa ya kupaka. Damu ikakauka siku tano. Nikasema, huyu mtu anajua.

Halafu ikarudi. Na hapa ndipo kosa langu linaanzia, kosa ambalo nadhani ni fundi wa viti tu angelifanya. Mwingine angeogopa. Mimi nilichukua mkasi.

Kiti cha kwanza nilikishona Aprili. Nilichukua sponji ngumu ya siti ya dereva wa basi, nikaweka ya laini juu yake, nikavalisha ngozi bandia nyeusi. Damu ikakaa kimya wiki nzima. Ikarudi. Cha pili nilikishona Juni, wakati wa jua, nikachonga mfereji katikati ili pasiguswe pale panapouma. Ikakaa kimya, ikarudi. Cha tatu, Agosti, kilikuwa kipana, nimekipunguza kutoka kwenye kiegemeo cha kichwa cha gari la mkubwa fulani, uzi mwekundu umezunguka ukingoni. Jamani, kilikuwa kizuri. Wanaume wa pale gereji walikipapasa. Waendesha baiskeli wanaobeba ndizi za matoke walikuja kuniagizia vya kwao. Nikawa na jina Kisenyi kwa viti vya baiskeli, na chini ya leso nimefunga vitambaa.

Ukiniuliza mbona hukwenda hospitali, nitakujibu kila damu ilipokauka nilijiona nimeshinda. Kazi yangu ilikuwa inajibu. Nani anakimbia kazi inayojibu?

Jina la tatu linaniuma kuliandika, maana lipo kwenye cheti changu cha ndoa. Opio, mume wangu, koplo wa polisi, analinda benki mjini. Tulipokuwa pamoja usiku, damu ilitoka nyingi, shuka likaharibika. Akawasha taa. Hakuniuliza kama naumia.

"Hii damu ya wapi?"

"Ni kiti, Baba Apio. Kinanisugua."

"Kiti." Akavaa suruali. "Miaka yote unapanda, leo ndiyo kiti? Umekutana na nani huko Kisenyi?"

Nilicheka. Ilikuwa ni uchovu, lakini yeye alisikia kicheko. Wiki iliyofuata akaomba chumba kambini, akasema zamu zimekuwa za alfajiri. Alituma posho ya nyumbani, sitamsingizia. Ila aliwaambia ndugu zake kwamba baiskeli imenifundisha tabia. Apio, binti yetu, alikuwa anajiandaa na mtihani wa kidato cha nne. Alisikia maneno hayo kwa shangazi yake mwenyewe, akakaa nayo mpaka Krismasi, ndipo akaniambia.

Miezi ile ilikuwa kama mtu ananikuna mwili kutoka ndani na kijiko. Leso ilinizunguka mara mbili, kisha mara mbili na nusu. Kiuno kikawa kizito, mguu wa kushoto ukavimba kifundo. Harufu ikaja. Nilikuwa napaka mafuta ya karafuu mpaka Mzee Abdalla akaniuliza kama nimeolewa Zanzibar. Na bado asubuhi nilipanda. Sikupanda kwa ukaidi. Nikishuka mteremko ule, kwa dakika chache, maumivu yalibaki nyuma yakinikimbilia na hayakunikuta.

Ilifika Novemba, msimu wa nsenene, wale panzi wa kijani tunaokula. Wanawake wamekaa kando ya barabara wanawachuna mabawa, na mabawa yanaruka na upepo, yanakaa kwenye nywele, kwenye nyuzi, kwenye cherehani. Nilikuwa nashona siti ya nyuma ya basi dogo. Nikaona mabawa yamekuwa mengi, yamekuwa mwanga, cherehani inaongea mbali sana. Nilipozinduka nilikuwa sakafuni, juu ya sponji. Mtu alikuwa amenifunika leso yangu miguuni vizuri, kwa heshima.

Mzee Abdalla hakuwa ananitazama. Alikuwa ameleta baiskeli yangu kivulini, amekivua kiti, kile cha tatu, amekiweka mapajani na anakichana uzi.

"Mzee, unaharibu kazi yangu."

"Nasoma," akasema.

Lazima ujue jambo moja la kazi yetu. Kiti kikifunguliwa, sponji inamtaja aliyekikalia. Dereva mwenye jipu anakaa upande, na sponji inabonyea upande huo. Mwenye mgongo mbovu anabonyeza nyuma. Kila mtu anayeumizwa na kiti anakikimbia, na sponji inaandika alikokimbilia.

Mzee Abdalla akaingiza kidole katikati, akatembeza kushoto, akatembeza kulia. Ni mtu wa swala tano, ana binti wa umri wangu, na mambo ya wanawake hayasemi hata kwa fumbo. Kwa hiyo alikisemesha kiti.

"Wewe kiti, umebonyea sawasawa. Huku sawa, na huku sawa. Aliyekukalia hakukukimbia hata siku moja. Ngozi yako haina mchubuko. Basi damu hii iliyoingia mpaka kwenye sponji si wewe uliyeitoa." Akakigeuza chini juu. "Nimeshona viti miaka arobaini. Kiti kinaumiza ngozi. Kiti hakimwagi damu ya tumbo. Mwambie mwenyewe, wewe kiti, kwamba huna kosa, asiendelee kukushonea nguo mpya. Aende kwa wenye kujua."

Nikalia pale juu ya sponji. Akaenda kunawa mikono, akakaa huko bombani muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Hospitali kubwa ya kilimani sitaisimulia sana, uko ndani yake. Utajua mwenyewe jinsi korido inavyokuwa ndefu unapoitwa jina. Walikata kipande kidogo cha kupima, wakaniambia nirudi baada ya wiki tatu. Wiki tatu zile nilizishonea viti vya kanisa moja, na kila msumari nilioupiga niliuuliza: ndiyo au siyo? Daktari aliponiambia, alikuwa kijana, alinyanyua macho kwenye karatasi akasema, "Mama, umechelewa kidogo, lakini hujachelewa kabisa." Nilishika maneno hayo mawili, kidogo na kabisa, nikatembea nayo mpaka nyumbani. Moja mkono huu, moja ule.

Sista ndiye aliyeniambia la muhimu. "Siku ishirini na tano za mashine, Jumatatu mpaka Ijumaa. Na dripu kila Jumatatu. Halafu mashine ya ndani mara tatu. Usikose siku. Ukipumzika wewe, na ugonjwa unapumzika, unapata nguvu."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu kuanzia Januari. Nisikose siku.

Walinichora mistari ya wino tumboni na kwenye nyonga, wakasema nisiioshe. Nikajiona kitambaa kabla ya kukatwa. Na mambo ya maji unayajua: unakunywa chupa nzima, unabana, kibofu kijae ndipo mashine ilenge sawa. Wanawake ishirini kwenye benchi, wote wamebana. Mama Sauda, muuza viazi kutoka barabara ya Port Bell, alikuwa anakaa karibu nami. Akikohoa mtu, anasema, "Polepole, dada, usitufungulie bomba." Tunacheka, na kicheko ndicho hatari, mtu mmoja anakimbia chooni na inambidi aanze kunywa upya. Siku mashine ilipokawia, tulikuwa tunatazamana tu, machozi yanatutoka, hatujui kama ni maji yametafuta njia nyingine.

Ndani, unalala. Taa inapunguzwa. Wote wanatoka, mlango mzito unafungwa, na chuma kile kikubwa kinakuzunguka kikinong'ona. Hakiumi. Mimi nilikuwa nafumba macho na kushuka mteremko wa Kisugu. Mara ya kwanza niliufikisha mpaka bondeni. Kufikia wiki ya pili nilikuwa nafika mjini, naingia kwenye njia yetu, na njia hiyo haiishi, inaendelea tu, ukingo wa saruji huku na huku, hakuna katoni, hakuna mtu, baiskeli nyeupe zimechorwa chini moja baada ya nyingine mpaka ziwani. Mlango ukifunguka, Sista ananiuliza, "Umefika wapi leo?" Alikuwa anajua.

Safari za kweli zilikuwa jambo lingine. Boda zilinitikisa mpaka nikaapa. Teksi ilikwama, nikafika nafasi yangu imepewa mtu, nikasubiri mpaka jioni. Basi nikaanza kutembea, na baiskeli yangu naisukuma kwa mkono. Kuikalia siwezi, lakini usukani ni mkongojo mzuri, na keria inabeba chupa ya maji na leso za kubadilisha. Kutoka Kisugu mpaka kilimani, mwendo wa konokono, naondoka na adhana. Ndani ya njia ya baiskeli nilikuwa napumzika, nimeegemea chuma, vumbi la Januari linawaka rangi ya chungwa. Watu walinipita. Sikuwa na haraka na sikuwa na uzito. Siku nyingine nilifika sikumbuki nilipitia wapi.

Siku ya kumi na nne Mama Sauda hakuja. Ya kumi na tano hakuja. Sista alipiga simu. Mwanawe wa kiume, Hakimu, alikuwa amempeleka kwa mtu wa mitishamba, akasema mashine inamchoma mama yake. Jina lake nalo naliandika. Mama Sauda alirudishwa baada ya mwezi, na hatukukaa tena benchi moja. Amezikwa kwao. Ile sehemu yake ya benchi, pale karibu na dirisha, sikukaa mimi.

Siku ya kumi na nane sikuweza kuinuka. Tumbo lilikuwa limeharisha usiku kucha, ngozi ya nyuma imekuwa nyeusi na imepasuka, miguu maji. Nilimwambia Apio, "Leo mama apumzike kidogo." Nilisikia sauti yangu, ilikuwa tamu, sauti ya mtu anayelala kwenye maji ya uvuguvugu.

Apio akatoka nje akampigia baba yake. Kuta zetu ni nyembamba. Alisema hivi, na hakupandisha sauti: "Baba, mama hana mwanaume. Mama ana kansa. Njoo umbebe au nisikuite baba tena."

Opio alifika amevaa sare, zamu ameiacha, kofia mkononi. Akasimama mlangoni. Sikumsalimia.

"Hukuniambia," akasema.

"Nilikuambia ni kiti. Hata mimi nilikuwa sijui. Lakini wewe ulijua jambo ambalo halikuwepo."

Akatazama chini. "Boda?"

"Siwezi boda."

Akaenda kwenye baiskeli. Wiki iliyotangulia Mzee Abdalla alikuwa amenifungia kwenye keria mto mpana wa sponji laini, na kiegemeo kidogo cha mgongo, akisema ni wa kubebea maji. Maji gani yanahitaji kiegemeo? Opio akauminya kwa kiganja. Akanibeba kama gunia la sukari, akaniketisha upande, akamwambia Apio anishike mpaka tufike lami. Na hakupanda. Alisukuma. Koplo mzima, buti zinang'aa, anasukuma baiskeli ya mkewe katikati ya mji asubuhi, na askari wenzake kwenye mzunguko wa barabara wanamtazama.

Mmoja akamwita, "Afande, umehamishiwa kitengo cha baiskeli?"

"Ndiyo," akajibu, hakusimama.

Kwenye njia yetu tukazikuta katoni. Badru mwenyewe amekaa kwenye kiti cha plastiki anakunywa chai.

"Hajji, ondoa mzigo," akasema Opio.

"Afande, dakika mbili tu, lori linamalizia."

"Dakika mbili za nani?"

Badru akaona sare, akapiga makofi, wapakuzi wakaanza kuvuta katoni. Alinitazama pale juu, nimekauka, leso usoni kwa vumbi, akasema, "Pole, mama." Hakunijua. Niliyemwambia mara zote zile, niliyekaa ndani ya povu lake, hakunijua. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kumwambia, miezi nimeyanoa. Nikayatafuta, yakawa mbali, upande wa pili wa usingizi. Tukapita.

Opio alinisukuma siku nane zilizobaki. Hesabu ile uifanye vizuri, siku ishirini na tano zote, sikukosa. Njiani hatukuongea sana. Siku ya ishirini na mbili alisema, mgongo wake kwangu, "Nilikosa." Nikasema, "Ulikosa, ndiyo." Usitegemee nitakuandikia kwamba nilimsamehe papo hapo. Amerudi nyumbani, anapika uji, anafua leso. Kusamehe ni kazi ninayoifanya kidogo kidogo, kama kufumua uzi mkongwe bila kuchana ngozi.

Mashine ya ndani sitaiandika. Mwambie Sista akushike mkono. Atakushika.

Mvua za Aprili zilinikuta kitandani, joto linapanda kifuani na kushuka bila sababu, nyonga ngumu. Nililala, niliamka, nililala. Mzee Abdalla alituma vitambaa vidogo nivishone nikiwa nimeketi. Apio alisoma vitabu vyake kwa sauti ili nisisikie kimya. Mwezi wa Julai daktari kijana aliniangalia, akasema haoni kitu. Nikamwambia atazame tena. Akatazama tena. Haoni kitu.

Nilipopata nguvu nilikwenda kwa Kizito. Stuli ileile, koti lilelile.

"Musawo, unanikumbuka? Mama wa baiskeli."

"Aa, nyabo. Kiti kilipona?"

"Ilikuwa kansa."

Akaacha kuhesabu vidonge. Nilitaka aogope. Akasema polepole, "Nyabo, wewe ulikuja ukaniambia kiti kinakuuma. Mimi nilikubali ulichosema. Mteja akija na jibu lake, nani anamkatalia?"

"Wewe. Wewe mwenye koti ndiye wa kumkatalia."

Akarudi kuhesabu vidonge. Nilitoka nikiwa na hasira, na hasira ile ninayo mpaka leo, lakini sehemu moja ya maneno yake ilinifuata nyumbani ikakaa nami. Ni kweli nilikwenda na jibu langu.

Oktoba nilipanda tena. Daktari alikuwa ameruhusu, polepole, njia fupi. Niliweka kiti kipya, cha kawaida cha dukani, sikukishonea kitu. Siku tatu nilishuka mteremko, ukungu upo, chapati ipo, na mwili wangu, huu uliochorwa na kuchomwa, ukakumbuka mizani yake wenyewe. Nilipita kwenye njia yetu nikicheka peke yangu.

Siku ya nne, nilipofika Kisenyi, niliingia chooni nikaona tone. Moja. La rangi ya waridi, dogo kuliko kichwa cha pini.

Nikasimama pale. Na sauti ikaja, tamu, ileile ya uvuguvugu: ni kiti hiki cha dukani, ni kigumu, kishonee sponji. Nilikuwa hatua sita kutoka kwenye mkasi wangu. Nakuapia, mkono wangu ulikuwa umeshaanza kupima upana hewani.

Nilitoka nje, nikaigeuza baiskeli, nikapanda mpaka hospitali. Kwenye kilima nilishuka nikasukuma. Nilikaa kwenye benchi, kati yenu, sina maji ya kunywa, sina zamu, sina miadi. Hofu ya siku ile ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza, kwa sababu sasa nilijua jina la ugonjwa. Nilikaa mpaka saa nane. Daktari kijana akaniita, akaangalia, akachukua muda wake wote.

"Ni ngozi," akasema. "Mionzi imeifanya nyembamba, imechubuka kidogo. Hakuna kingine." Akavua glavu. "Mama, umekuja kwa tone hilo tu?"

"Kwa tone hilo tu."

Aliandika kwenye faili langu muda mrefu. Sista alikuwa mlangoni, alikuwa amesikia, na ndiyo siku hiyo alinipa daftari. Kwa hiyo yote haya uliyosoma, majina yote na asubuhi zote, nimekuandikia kwa sababu ya tone moja. Likija lako, usilitafutie sababu. Lilete hapa.